Nusu Jicho

Mwalimu na kaka yake Mchungaji walilelewa chumba kimoja, wakalala kitanda kimoja mpaka wakaanza kupigana mateke, na walipokuwa watu wazima waliendelea kupigana, ila sasa kwa maneno. Mwalimu, ambaye ndiye binti, alifundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Kaka yake alikuwa na kanisa lake, jengo la mabati lenye viti vya plastiki na spika kubwa kuliko mlango. Aliyetaka kuharibu mlo wa familia hiyo hakuwa na haja ya kutia mchanga kwenye sahani. Ilitosha aulize, "Hivi mtu wa kwanza alitoka wapi?" Basi, chakula kitapoa, mchuzi utaganda, na wawili hao watakuwa bado wananyoosheana vidole.

Baba yao, fundi cherehani, alikuwa mgane wa siku nyingi na mtu wa maneno machache. Alipochoka kuwasikiliza aligonga meza kwa kijiko.

"Kuleni kwanza," alikuwa akisema. "Mungu na nyani watasubiri."

Wote wawili walicheka, wakala, na walipomaliza kunawa wakaanza upya.

Mzee aliwapenda bila kupima, na kila mmoja alijua sehemu yake. Mwanawe wa kiume alimwita Mtumishi, kwa fahari, hata mbele ya wateja. Binti yake alimwita "mama", kwa sababu binti huyo alikuwa amerithi jina la mama mzazi wa mzee, na pia kwa sababu, kama alivyopenda kusema, tangu mtoto huyo ajue kuongea hakuna mtu mwingine aliyewahi kumgombeza. Kibanda chake kilikuwa kwenye kichochoro cha mafundi, kikibanwa upande mmoja na kinyozi na upande wa pili na mwanamke mjane aliyeuza vifungo, zipu na nyuzi. Mwanamke huyo kila mtu alimwita Mama Vifungo, na huenda yeye mwenyewe alishasahau jina lake lingine.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye mahubiri. Jumapili moja Mchungaji alisimama akafundisha habari za jicho. Alieleza kioo chake, pazia lake linalojifungua na kujifunga lenyewe, machozi yanayoliosha bila mtu kuyatuma. Alieleza vizuri, kuongea alijua. Halafu, kwa kuwa alikuwa pia mtu wa kupenda kuchekesha, akatia chumvi.

"Wapo watu," alisema, "tena wengine nimenyonya nao ziwa moja, wanaowafundisha watoto wenu kwamba jicho hili ni mjukuu wa jicho la konokono!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Jumatatu Mwalimu alipoingia darasani alikuta mtu amechora konokono ubaoni, amemvalisha miwani na sketi. Kufikia Jumatano hata mlinzi wa geti alikuwa anauma midomo asicheke. Mama Konokono, ndivyo walivyomwita.

Jioni hiyo alikwenda moja kwa moja ofisini kwa kaka yake, chumba kidogo nyuma ya madhabahu kilichojaa nyaya.

"Kaka, umenifanya kituko mbele ya watoto ninaowafundisha."

"Mimi? Sikumtaja mtu jina."

"Ulisema mmenyonya ziwa moja. Umenyonya na nani mwingine?"

Mchungaji alicheka, akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba kicheko cha watu wengi kilimlevya. "Mdogo wangu, usikasirike. Kama una la kusema, njoo uliseme. Ukumbi wa mji tutauomba. Wewe useme yako, mimi niseme yangu, watu wasikie. Au unaogopa?"

Hakuogopa. Laiti angeogopa. Moyo wake ulikuwa tayari umeshapanda jukwaani, umeshashika kipaza sauti, na umeshawaona wale wachora konokono wakimpigia makofi.

"Panga siku," alisema.

Sasa, wakati huohuo, kulikuwa na jicho lingine ambalo lilihitaji kuzungumzwa, nalo lilikuwa usoni kwa baba yao.

Dalili zilikuwepo. Mzee alikuwa ameanza kugonga vikombe vilivyowekwa pembeni yake, akivilaumu vikombe. Alijigonga begani kwenye miimo ya milango ambayo ameipita maisha yake yote. Mtu akimjia kwa upande, alishtuka kana kwamba ameshuka kutoka juu. Siku moja Mwalimu alimkuta amesimama ukingoni mwa barabara, anageuza kichwa chote huku na huku kama kuku, na magari yalikuwa yamekwisha kupita.

"Baba, macho yanakusumbua?"

"Uzee tu, mama."

"Isije ikawa mtoto wa jicho."

"Akiwa mtoto si atakua?" alitania. "Acha akue, tutamwozesha."

Wakacheka. Mtoto wa jicho kila mtu alimjua: jicho linafunga ukungu, unakwenda hospitali, wanautoa, unarudi nyumbani unaona mpaka vumbi ulilokuwa hulioni. Ni jambo linalosubiri. Mwalimu alimwahidi kwamba shule zikifungwa watakwenda pamoja kwa daktari wa macho. Mchungaji, alipoambiwa, alimshika mzee kichwa akamwombea, na baada ya maombi mzee alisema anajisikia nafuu, kwa sababu hakuwa mtu wa kumvunja moyo mwanawe.

Shule zikafungwa. Lakini tarehe ya mdahalo ilikuwa imeshapangwa, na likizo yote Mwalimu aliimalizia mezani, amezungukwa na vitabu na picha za macho: macho ya minyoo, ya konokono, ya pweza, ya samaki wa gizani, ya tai. Alijua sasa mambo ya macho ambayo hakuwahi kuyafundisha. Baba yake alipokuja kumsalimia, alimwonyesha picha hizo moja baada ya nyingine, na mzee alizishika mbali, kisha karibu, akasema, "Nzuri sana, mama," hata ile aliyoishika kichwa chini miguu juu. Mwalimu aliona. Alifikiri mzee amechoka na maneno yake.

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Upande wa kushoto walikaa watu wa kanisa, wamevaa kama wanakwenda harusini. Upande wa kulia walikaa wanafunzi na walimu, na katikati watu waliokuja tu kuona ndugu wakivuana nguo. Mzee alikaa safu ya mbele, katikati kabisa, ili asionekane amechagua upande. Alivaa koti aliloshona mwenyewe. Mama Vifungo alikaa pembeni yake, mkoba mapajani, uso wake wa mtu aliyekuja kulinda kitu.

Mchungaji alianza. Aliongea taratibu, bila kelele zake za Jumapili, na hilo lilimtisha Mwalimu kidogo.

"Nusu daraja halimvushi mtu," alisema. "Nusu ndege hairuki. Wenzetu wanatuambia jicho lilijengeka kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi. Haya. Basi palikuwa na wakati viumbe walitembea na robo ya jicho, halafu nusu jicho. Mimi nauliza swali dogo tu, mnisaidie: nusu jicho lina faida gani?"

Makofi upande wa kushoto. Hata katikati watu walitikisa vichwa.

Mwalimu alisimama. Akavuta kipaza sauti karibu.

"Nusu jicho lina faida kubwa," alisema. "Yupo mnyoo mdogo wa majini ambaye jicho lake ni doa tu. Haoni umbo wala rangi. Anaona mwanga, na anaona kivuli. Lakini kivuli kwake maana yake kuna mtu anakuja kumla. Mwambie huyo mnyoo kwamba doa lake halina faida! Sasa doa hilo likibonyea kidogo, likawa kama kibakuli, mwenye nalo anajua mwanga unatoka upande gani. Kibakuli kikizama na mdomo wake ukawa mdogo, anaanza kuona umbo. Mdomo ukifunikwa na ute mwangavu, umbo linakuwa safi zaidi. Katika kila hatua kati ya hizo yupo kiumbe anayeishi nayo leo, anakula, anakimbia, anazaa. Hakuna anayekaa kusubiri jicho lake limalizike."

Wanafunzi walipiga miguu sakafuni. Akaendelea, sasa moto umeshika.

"Kaka anasema jicho letu ni kazi ya fundi asiyekosea. Nyinyi mngemwita tena fundi umeme anayepitisha nyaya mbele ya balbu? Ndani ya jicho la binadamu nyaya zinapita mbele ya sehemu inayoona, halafu zinakusanyika, zinatoboa tundu kurudi nyuma kwenye ubongo. Penye tundu hilo hatuoni kitu. Pweza nyaya zake zinapita nyuma, ndiyo sahihi. Mnabisha? Nyoosheni mikono mbele, madole gumba mawili, yawe karibu karibu."

Akawaelekeza: wafumbe jicho la kushoto, wakazie jicho la kulia dole gumba la kushoto, wasogeze polepole lile la kulia kuelekea nje. Ukumbi mzima ulinyoosha mikono, mashemasi kwa wanafunzi. Mara pakasikika sauti huku na huku: "Limepotea!" "Mama yangu, kidole kimekwenda wapi?" Watu walicheka kwa mshangao, kama watoto.

"Sasa jicho la pili," alisema Mwalimu. "Fumbeni la kulia."

Alikuwa anatabasamu alipomtazama baba yake. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya jicho la kulia. Akakitoa haraka. Akakirudisha. Akakitoa tena, akageuka kumtazama Mama Vifungo, akamwambia neno ambalo Mwalimu hakulisikia. Aliona tu yule mwanamke akiangalia juu kwenye taa za ukumbi, kisha akitikisa kichwa kwamba hapana, hazijazimwa.

Mwalimu alielewa. Hakuelewa yote, lakini alielewa vya kutosha. Miguu yake ilitaka kushuka jukwaani. Lakini ukumbi ulikuwa mikononi mwake, watu mia kadhaa wamenyoosha vidole kwa amri yake, na kitu kama hicho hakijawahi kumtokea maishani. Akaendelea na sentensi iliyofuata.

Mchungaji alipopewa nafasi ya kujibu aliinuka akitabasamu.

"Dada yangu analalamikia nyaya," alisema, "na ameyasoma malalamiko yake kwenye karatasi, kwa kutumia nyaya hizohizo." Kicheko kikatoka pande zote, hata wanafunzi. "Lakini mimi si mtu wa karatasi. Nimeleta ushahidi unaotembea. Baba, tafadhali, njoo hapa juu."

Mzee hakusogea. Mama Vifungo alimshika mkono wa koti kama anayemzuia.

"Huyu ndiye baba yetu, fundi wa nguo zenu," Mchungaji aliendelea, ameshashuka, amemshika mzee kiwiko, anampandisha ngazi. "Umri wake mnauona kichwani. Miwani hana, hajawahi kuvaa. Na bado, kila siku ya Mungu, anatunga uzi kwenye sindano. Nani amelitunza jicho hili? Pweza?" Akatoa mfukoni sindano na kipande cha uzi mweupe, akamwekea mzee viganjani. "Baba, waonyeshe."

Mzee alisimama chini ya taa, sindano mkono huu, uzi mkono huu. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi. Alijaribu mara moja. Alijaribu tena. Halafu akageuza mgongo kidogo, kama mtu anayetafuta mwanga mzuri zaidi, mkono ukapita kwenye kola ya koti, na alipogeuka tena aliinua juu sindano yenye uzi unaoning'inia.

Upande wa kushoto walisimama. "Haleluya!" Mchungaji alipunga mikono.

Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Ndani ya kola ya baba yake aliona sindano nyingine, zimepangwa, zote zimeshatungwa uzi. Na mara moja akaona pia nani aliyekuwa akizitunga, kwa sababu Mama Vifungo alikuwa ameinamisha uso. Na uzi uliokuwa unaning'inia mkononi mwa mzee, mbele ya watu wote, ulikuwa wa bluu.

Alikuwa na muda wa kunyamaza. Baadaye, kila alipolikumbuka jambo hilo, alikumbuka muda huo, ulivyokuwa mrefu, na jinsi alivyotazama wanafunzi wake waliokuwa wamenywea kwenye viti vyao. Kisha akakumbuka konokono mwenye sketi.

"Kaka," alisema kwenye kipaza sauti, "uzi uliompa baba ni mweupe. Huo anaowaonyesha ni wa bluu."

Makofi yalikatika vipande vipande, kama mvua inapoacha.

"Amewatolea sindano iliyokwisha kutungwa. Ameitoa kwenye kola, zimo na nyingine. Baba haoni tundu la sindano. Haoni hata rangi ya uzi. Jicho lake la kushoto, nadhani, halioni kitu kabisa." Sauti yake ilikuwa safi, ya darasani. "Hiyo ndiyo kazi ya fundi asiyekosea mnayoishangilia."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Halafu wakacheka wanafunzi, si kwa ubaya, kwa kufurahi tu kwamba upande wao umefunga goli. Wakaanza kuimba jina lake, lile la ubaoni, sasa kwa heshima: "Konokono! Konokono!"

Mzee alibaki amesimama na mkono juu. Aliushusha polepole. Aliupapasa ule uzi kati ya vidole, kama rangi ingeweza kuguswa, akageuza uso kuelekea sauti ya binti yake ilipotoka.

Mchungaji ndiye aliyezinduka kwanza. Mtu mwingine angemchukua baba yake akamfunika koti akaondoka naye. Yeye aliona njia nyingine. Alipiga magoti pale pale, akamvuta mzee chini, akamwekea viganja viwili machoni.

"Basi kama haoni," alipaza sauti, "leo ataona! Leo, mbele ya wenye kudhihaki!"

Upande wa kushoto ukalipuka kwa maombi. Spika zilipiga kelele. Mchungaji alitetemeka, jasho likamtiririka shingoni, na kwa haki yake lazima isemwe kwamba alikuwa analia machozi ya kweli. Mwishowe aliondoa mikono.

"Baba! Unaona?"

Mzee alipepesa macho. Mwanawe alikuwa amepiga magoti mbele yake, na watu wote hao wanangoja.

"Naona, mwanangu," alisema mzee.

Hayo makofi yalisikika mpaka barabarani. Wanafunzi nao hawakukubali kushindwa kelele. Pande zote mbili zilitoka mbio kuelekea jukwaani, kila upande ukimwendea mshindi wake. Mwalimu alijikuta amezungukwa na mikono ya pongezi. Mchungaji alizungukwa na akina mama wanaolia. Baba yao aliachwa peke yake kwenye ngazi. Alishuka ya kwanza, akashuka ya pili, na ya mwisho hakujua kama ipo. Alianguka juu ya mkono wake wa kushonea, na sauti ya mfupa ilisikiwa na mtu mmoja tu, Mama Vifungo, aliyekuwa anasukumana na watu kumfikia.

Kwa hiyo mwishowe hospitali walikwenda, ila kwa ajili ya kiwiko. Aliyemfunga plasta ndiye aliyemwangalia mzee anavyotafuta kiti kwa mguu, akasema asiondoke kabla hajapita kwa daktari wa macho.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, anayeongea huku anaandika. Alimchungulia mzee kwa kifaa chake muda mrefu kuliko walivyotarajia. Alipowasha taa ya chumba aliacha kuandika.

"Ni presha ya macho," alisema.

"Si mtoto wa jicho?" aliuliza Mwalimu.

"Ningependa awe mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ningemtoa wiki hii. Presha inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na inaua polepole, inaanzia pembeni, bila maumivu. Mshipa ukishakufa haufufuki. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo sana katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kuna dawa ya matone, inaweza kulinda hicho kilichobaki. Inaweza. Aanze leo, kila siku, asikose." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Angeletwa mapema tungeongea mengine. Nyinyi ni watoto wake? Mlikuwa wapi?"

Mchungaji akafungua mdomo. Mwalimu akafungua wake. Na bila kukusudia, kwa mazoea tu, wakaanza kuongea kwa pamoja: huyu kwamba walikuwa wanaomba, yule kwamba alishapanga kumleta wakati wa likizo, huyu kwamba mwenzake ndiye msomi wa macho na angepaswa kujua, yule kwamba nani alimpandisha mzee jukwaani kama sarakasi.

"Mlikuwa mnabishana," alisema mzee.

Wakamgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu cha kupimia, mkono umefungwa shingoni, anaangalia ukuta mtupu.

"Mlikuwa mnabishana nusu jicho lina faida gani. Mngeniuliza. Nilikuwa nalo. Nimeshona sare za shule kwa nusu jicho. Nimevuka barabara kwa nusu jicho nikaja kuwasalimia." Akageuza uso kuelekea sauti ya daktari. "Daktari, naomba mtu wa kunirudisha nyumbani."

"Tupo hapa, baba," alisema Mwalimu.

"Namwomba Mama Vifungo."

Alikuwa nje kwenye benchi, na mkoba wake mapajani. Aliingia, mzee akamshika bega, wakatoka.

Kwenye korido ndugu wale walimaliza kilichobaki. Kila mmoja alimwambia mwenzake maneno ambayo hayarudi mdomoni. "Ulimvua nguo baba yako ili ushinde," alisema Mchungaji. "Nawe ulimdanganyisha mbele ya Mungu wako ili usishindwe," alijibu Mwalimu. Wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyesamehewa kwa hilo.

Wiki zilizofuata mdahalo ulizunguka kwenye simu za watu. Zilikuwa video mbili. Katika ya kwanza, iliyosambazwa na wanafunzi, Mwalimu anasema habari ya uzi wa bluu, ukumbi unacheka, mwisho. Katika ya pili, iliyosambazwa na watu wa kanisa, Mchungaji anaondoa mikono, mzee anasema anaona, mwisho. Mwalimu alipongezwa na watu asiowajua. Mkuu wa shule alimpa mkono mbele ya wenzake. Kaka yake alipata waumini wapya, ikabidi aongeze viti. Walikuja na vipofu wao, wamewashika mikono, na yeye hakuwa na ujasiri wa kuwarudisha. Watu wa karibu walisema amekonda.

Matone yalitakiwa kila jioni. Mchungaji alijitolea kumchukua mzee kwake, Mwalimu akajitolea pia, na mzee akakataa kote, kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Alisema amezoea kichochoro. Mama Vifungo ndiye aliyemwinamisha kichwa kila jioni, akamtilia tone moja kila jicho, hata lile lililokufa, kwa sababu mzee aliomba lisijisikie limetengwa. Matone yalichelewesha tu. Mvua zilipoanza, tundu la ufunguo nalo lilizibwa.

Mwalimu aliendelea kwenda. Alikwenda siku ambazo kaka yake haendi, ili wasikutane, na alibeba matunda, sabuni, redio mpya. Mzee alishukuru kwa kila kitu. "Ahsante, Mwalimu," alisema. Neno "mama" halikutoka tena, na yeye hakuthubutu kuliomba. Mara nyingi alipofika aliambiwa mzee amepumzika. Aliamini. Watu wazee hulala mchana.

Alasiri moja alitoka shuleni mapema, akapita kichochoroni bila kutarajiwa. Mama Vifungo hakuwepo kibandani kwake. Alikuwa amekwenda bombani. Mzee alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake, hashoni, anapapasa upindo wa kitambaa kwa vidole, akihesabu mishono. Alikuwa amenyoa vizuri. Alionekana mtu mwenye amani. Mwalimu alisimama mlangoni akimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia furaha ndogo, akatafuta neno la kuanzia.

Mzee alisikia miguu, akainua kichwa.

"Umerudi?" alisema. "Mama Vifungo, nilisahau kukwambia. Leo ni siku ya Mwalimu kuja. Akifika mwambie nimelala."

Mwalimu alibaki pale mlangoni.

"Si kwamba namchukia. Mtoto wangu yule. Ila akiingia humu nahisi ananiangalia macho. Hasemi, lakini nahisi. Na mimi nimechoka kuangaliwa."

Alirudi kwenye upindo wake. Mwalimu aliinama akaweka mfuko wa machungwa juu ya kizingiti, polepole, karatasi isilie, akageuka, akaanza kuondoka kwa ncha za vidole kama mwizi. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kinyozi akakutana uso kwa uso na Mama Vifungo, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika mabegani.

"Ee, Mwalimu!" yule mwanamke alisema kwa sauti yake ya sokoni, kabla hajaona alivyokuwa anaashiriwa anyamaze. "Mbona unaondoka? Umeshamwona mzee?"

Kichochoro kilikuwa kimya saa hiyo. Kutoka ndani ya kibanda, vidole viliacha kupapasa kitambaa. Kisha sauti ya baba yake ikaja, wazi, haina hasira wala haraka.

"Mwambie nimelala."

Mama Vifungo aliangalia chini. Mwalimu alimsaidia kutua ndoo, wakaiweka kwa pamoja bila kumwaga, akamshukuru kwa yote, akaenda zake.